Kibaba

Maji ya kisima cha Njoro yana floraidi,
walisema, kidogo tu.
Dawa ya kunyunyizia viazi, kidogo tu.
Na risasi ya betri kuukuu
alizoyeyusha Kiptalam nyuma ya kibanda?
Moshi huo, upepo utauchukua.

Kila moja ilibisha hodi peke yake,
kwa adabu, kipimo chake mkononi.

Figo hazikuuliza nani kaja na nani.
Zilichuja.

Sasa kila Jumanne na Ijumaa, mjini Nakuru,
damu yake inatoka, inazunguka mashine, inarudi.
Mkewe anafuma sweta isiyokwisha.
Daktari anapekua faili,
anatafuta mkosaji mmoja.

"Haba na haba," Kiptalam anamwambia,
meno yake ya kahawia yakitabasamu,
"na kibaba ni mimi."