Habasoda

Kimeshuka kutoka chumba cha upasuaji
ndani ya kichupa cha fomalini,
jina limeandikwa kwa wino unaovuja:
Mize Shaame Faki, wa Wete. Ziwa la kushoto.

Nimekikausha, nimekizamisha katika nta,
nimekata utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
nikaupaka rangi mbili, waridi na zambarau.
Sasa chini ya darubini, hapa Mnazi Mmoja,
umeme ukiwa bado haujaamua kukatika,
namtazama ndani mtu nisiyemjua uso.

Uvimbe naujua. Hauna adabu:
seli zimepandana, zimesukumana,
kila moja inajenga bila kibali.
Lakini leo macho hayakutua huko.
Yametua kwenye vitone vyeusi,
vidogo, vya mviringo, vimenyunyizwa juu ya waridi
kama habasoda juu ya mkate.

Seli za kinga. Askari, husema vitabu.
Mie huona majirani
waliosikia kishindo usiku wakatoka na walichovaa.
Wapo wanaosimama nje tu,
barazani, wanaulizana kuna nini humo.
Hao siwahesabu.
Nahesabu waliovunja mlango.

Hamsini kwa mia. Narudia. Sitini.
Daktari Khatib ataandika: dalili njema.
Dalili hubashiri,
haiapi.

Kabatini, sanduku la mwaka tisini na nane,
kuna kioo cha mama yangu.
Nilikitoa mara moja, nikijua nafanya makosa.
Waridi. Waridi mpaka mwisho wa kioo.
Hakuja mtu.
Na wakati ule hakuna aliyehesabu;
tuliuliza tu, kubwa kiasi gani?

Saa saba natoka kunyoosha mgongo.
Mwanamke yuko kwenye benchi, bega moja limeshuka,
bahasha mapajani, wino ule ule unaovuja.
"Umekuja na nani, mama?"
"Na nani? Wanangu wako Maskati. Sina mtu."
Nikataka kusema, unao,
nimetoka kuwaona sasa hivi, wamejaa.
Ulimi ukakataa. Majibu si yangu kuyatoa.

Akafungua kifundo cha kanga, akanionesha.
"Habasoda hii nala kijiko kila alfajiri.
Niendelee?"

Nikacheka, akadhani namcheka yeye.
"Endelea," nikasema,
"na dawa za hapa usiziache."