Herufi Moja

Nilimwambia Murtaza hivi, kaunta ikiwa kati yetu:

Doti themanini nilikuagiza kwa arusi ya Zuhura,
na jina la leso nikakuandikia kwa mkono wangu
kwenye karatasi ya oda: Mvumilivu hula mbivu.
Jana mabunda yamefika Kuze, tumeyafungua uani.
Shangazi ya bwana arusi akasoma kwa sauti,
akanyamaza,
akasoma tena.
Mvumilivu hula mbovu.

Herufi moja, wasema. Kiwandani wamekosea.
Haya, moja. Ipige kwa themanini, kisha kwa mbili,
maana doti haiendi kwa mguu mmoja.
Mbovu mia na sitini viunoni mwa wakwe zangu,
Ijumaa hii inayokuja!

Mpwa wangu Shekue ataka tukashitaki.
Ana suti moja na mwaka mmoja wa sheria.
Nimemuuliza, kesi itasikizwa lini?
Akahesabu vidole, vikamwishia, akaanza upya.
Ikifika hukumu Zuhura atakuwa anamwoza bintiye.

Basi nimekuja mwenyewe, na ushahidi kikapuni.
Zima feni nikutandikie.
Soda sitaki; soda ni ya mteja aliyeridhika.
Na usinioneshe kibao cha "mali ikiuzwa hairudi".
Kilikuwapo tangu enzi za babako,
na babako alikuwa akirudisha.

Murtaza akavaa miwani. Akafukua faili,
akaitoa karatasi ya oda, akaigeuzia kwangu.
Mwandiko wangu.
Na ile i yangu, wallahi, imevimba tumbo,
nukta yake imezama ndani.
Tukatazamana.

"Ningekuuliza," akasema.
"Ningeandika vizuri," nikasema.

Ndipo Mbodze, akunjaye vitambaa kule nyuma,
akachomoza kichwa: "Hiyo ya mbovu, Bi Mwanaate,
mimi nainunua. Mwaka wa pili huu
nangoja nyongeza yangu."
Murtaza akacheka, kisha akaacha kucheka.

Tukaandikiana pale pale, juu ya karatasi ya kufungia:
Zenye kosa zarudi dukani, aziuze vile zilivyo.
Mpya themanini kabla ya Alhamisi magharibi,
gharama ya kuchapa nusu yake, nusu yangu.
Mstari wa tatu, nyongeza ya Mbodze.
Huo niliuandika kwa herufi kubwa.