Uzi Uliopelea

Bi Riziki Shaame aliingia dukani kwangu Machomanne
saa sita na robo, jua limekaa kitako juu ya bati,
akalitua kopo kwenye meza ya dawa
kama mtu anayerudisha deni lisilo lake.
Jeusi, zito, limechorwa mkono wenye mishipa
kama mizizi ya mkoko.
"Nisomee. Khelef kaniuzia kofia mbili kulipata hili."

Kofia mbili za kiua!
Nazijua kofia zake: miezi minne kwa moja,
tundu baada ya tundu,
sindano yaingia, yatoka, mpaka macho yanatoa maji.

Nikavaa miwani. Leusini, lisini, triptofani...
"Mbona majina ya majini?"

Si majini, Bi Riziki. Ni nyuzi.
Mwili nao ni mshonaji, tena halali:
nyama ya paja, kucha, unywele,
ngozi mpya juu ya kidonda,
hata askari wanaopigana na homa, wote wameshonwa.
Nyuzi ni ishirini. Kumi na moja mwili hujisokotea.
Tisa haziwezi; hizo zipite mdomoni
au zisipatikane kabisa.
Huu, leusini, hugonga mlango wa msuli: amka, kazi imekuja.
Huu, triptofani, ubongo huugeuza utulivu,
na usiku ukaufanya usingizi.

Akaniuliza swali ambalo chuoni sikuulizwa:
"Na mmoja ukipelea?"

Wewe uzi mweupe ukikuishia katikati ya kofia,
hufanyaje?
"Naiweka."
Basi na mwili huweka.
Hata kumi na tisa zikiwa tele,
kazi husimama pale ulipokatikia ule mmoja.
"Na hizo tele?"
Hapo ndipo mnapoachana: wewe una sanduku,
mwili hauna. Huzichoma kama kuni,
na jivu lake figo hulipeleka chooni.

"Pesa za kofia," akasema polepole, "chooni."

Kisha akaanza kunihoji chungu chake.
Wali? Umepungukiwa na lisini.
Mbaazi? Lisini wanayo, methionini ndiyo haba,
nao wali unayo.
"Kumbe wanakopeshana! Sahani moja, na hawaandikiani."
Changu wa kuchoma?
Huyo ana zote tisa, hakopi kwa mtu.
"Muhogo?"
Nikatazama chini,
maana mchana wangu ulikuwa muhogo,
umefungwa gazetini, nyuma ya mizani.

Juu ya rafu yangu yalikuwepo makopo matatu kama lile.
Moja tu likitoka, nusu ya kodi ya duka imepatikana.
Sikumwambia ni uongo; nyuzi zimo.
Yuko mgonjwa asiyeweza kutafuna
niliyemkorogea mwenyewe, kwa kijiko changu,
daktari akiwa ameandika.
Lakini Khelef ana meno thelathini na mbili
na ananyanyua saruji iliyogandishwa kwenye madebe ya samli,
akirudi nyumbani anakunywa chai kavu
kwa sababu mbaazi, anasema, ni chakula cha wazee.

Bi Riziki akalichukua kopo lake. Hakuaga.

Mwezi wa Shaabani nilikwenda kwake
kuulizia kofia yangu ya Idi.
Kopo lilikuwa mkekani, tupu la unga,
limejaa vigurudumu vya nyuzi,
sindano zimechomekwa kwenye kipande cha sponji kifunikoni.
Khelef alikuwa kizingitini, sinia mapajani,
wali, na juu yake mbaazi za nazi.
Hakunitazama.
Mkono wake umekua? Sijui,
alivaa shati la mikono mirefu.

Na kofia yangu?
Bi Riziki akainua kichwa, akacheka kwa pua:
"Subiri. Uzi umepelea."