Dhamana

Nakut alivunja mawe Rupa miaka tisa.
Kwa lori zima, hela ya unga na chumvi.
Lori likateremka Tororo,
likamwachia vumbi ndani ya uji.

Lami nayo ilikuja,
ikakomea kwenye mizani ya machimbo.
Zahanati iko ng'ambo ya korongo;
mvua ikinyesha, uchungu wa uzazi usubiri.

Leo yuko Kampala, foleni ya mkopo.
Karani hainui macho:
"Karamoja? Kwenu kuna nini, mama?
Dhamana yako iko wapi?"

Nakut anainamia sakafu.
Marumaru. Mshipa wa kijani,
ule ule uliomkwamishia nyundo
mwezi aliozikwa Lokiru.

Anavua ndala,
anaukanyaga kwa unyayo mtupu.

"Hapa," anasema. "Nimesimama juu yake."