Silabi Moja

Mimi ndiye niliyeichapa hukumu ile.
Jina langu halimo. Chini kuna sahihi ya jaji
na mhuri uliokosa wino upande mmoja,
ukasomeka AHAKAMA KUU, TABORA.
Lakini vidole vilikuwa vyangu.

Jalada lilikuja toka Urambo, limefungwa kwa katani,
likinuka tumbaku, kana kwamba nalo
lilitundikwa kwenye bani likakaushwa kwa moshi.
Mrufani: Nyamizi Kasubi, mjane.
Wajibu rufani: shemeji yake, na chama cha msingi.

Misimu saba alisia mbegu, akapalilia, akachuma,
akafunga marobota hadi kucha zikageuka rangi.
Daftarini jina lilikuwa la mumewe.
Mume alipokufa, malipo yakamfuata shemeji
kama mbuzi anayejua zizi.

Mahakama ya mwanzo ilisema: mila.
Mahakama ya wilaya ilisema: mila,
ikaongeza koma.

Miaka minne Nyamizi alikuja kwa treni ya usiku.
Alilala kwenye benchi la stesheni,
asubuhi akanyoosha kitenge kwa viganja,
akasimama dirishani pangu: "Mwanangu, bado?"
Nami, mtumishi wa umma: "Bado, mama."
Neno jepesi.
Halijawahi kunigharimu nauli.

Jaji aliandika kwa mkono, siafu wanaohama,
kurasa kumi na tisa.
Kwenye ukurasa wa kumi na moja Katiba iliingia
kama mgeni aliyechelewa msibani
lakini kaja na unga kichwani.
Kwenye ukurasa wa kumi na saba nilisimama kidogo:
*Mila haiwezi kuvuna mahali isipopalilia.*
Umeme ukakatika. Ukarudi. Ukakatika.
Oktoba, bati linalia kwa joto,
wenzangu wanafunga madirisha,
nami nikachapa mstari wa mwisho:

Mrufani asilipwe.

Nikachukua mkoba. Nikafika mlangoni.
Nikarudi kuusoma tena, sijui kwa nini,
labda ile harufu.
Kwenye karatasi ya jaji: *alipwe*.

Si.

Silabi moja,
ndogo kama mbegu ya tumbaku,
ambayo kijiko kimoja tu hujaza shamba.
Nisiseme mkono uliteleza.
Mkono ulikuwa umezoea.
Miaka kumi na mmoja ya kuchapa wajane wakishindwa,
vidole vilishajitungia sheria yao,
wala hakuna rufani inayowafikia.

Nilibonyeza kufuta mara mbili.
Hakuna aliyeona. Sikumwambia mtu hadi leo.

Nakala moja ilikwenda kwa chama,
nyingine kwa mrajisi wa ushirika,
ikalala mezani kwake msimu mzima chini ya kikombe.
Kisha fomu zikabadilika.
Niliiona moja kwa shangazi yangu Kaliua:
palipoandikwa "Jina la mume, mkuu wa kaya"
pameandikwa "Jina la mkulima".
Shangazi akaweka dole gumba lake hapo,
akapuliza wino ukauke,
akaendelea kuchambua kunde.
Hamjui Nyamizi. Hajui namba ya kesi.
Alidhani karatasi za zamani zimeisha.

Nyamizi alikuja kuchukua nakala yake mwezi Machi.
Hajui kusoma. Akaniomba nimwonyeshe
mahali penyewe.
Nikamshika kidole nikakiweka juu ya *alipwe*.
"Hapa tu?"
"Hapa tu, mama."
"Mbona fupi hivi?"

Chama kilikata deni la mbolea, riba, na magunia
ambayo hakuyakopa. Alipata nusu, na pungufu.
Shemeji hamsalimii.
Jukwaani, siku ya soko la tumbaku,
walimwita kwa jina lake, yeye mwenyewe, kwa kipaza sauti,
mara mbili, maana mara ya kwanza
hakugeuka.