Fimbo ya Velko

Fimbo hii ya sufu sikuichonga mimi.
Nianze hapo, nisije nikasifiwa bure.
Aliichonga Velko, mtoto wa mwashi,
mwaka ule theluji ilipotuzibia milango,
akatia jua kichwani mwake, nyoka wawili ubavuni,
na chini kabisa, padogo, jina: Rada.

Kisha Velko akahamia Plovdiv kuuza kofia,
na Rada akaolewa na mimi.

Hapa kwetu Rodopi mwanamke hakai mikono mitupu.
Fimbo mkandani, sufu imefungwa kichwani pa fimbo,
vidole vyavuta, pia yashuka ikizunguka,
yakaribia kugusa ardhi, yapandishwa, yashuka tena.
Alisokota akipanda kwa mbuzi.
Alisokota akigombana na mama yangu.
Uchungu wa mtoto wa tatu ulimkuta akisokota;
akaviringisha uzi aliokwisha kuusokota, ndipo akalala.

Nami nilichonga yangu, mwaka wa pili wa ndoa.
Mti wa mwaloni, kisu butu, wivu mwingi.
Ikatoka imepinda kama mguu wa mbuzi mgonjwa.
Rada alishukuru. Akashukuru tena,
ndipo nikajua.
Ikawa kabari ya mlango wa banda.

Miaka arobaini na mitatu
soksi zangu zilishuka kutoka jua la mwanamume mwingine.
Fulana. Blanketi.
Hata kofia, na yeye ndiye muuza kofia!

Usiku mmoja, nimelewa kidogo, nilimwuliza:
Unamkumbuka?
Hakuisimamisha pia.
"Fimbo yake nyepesi," akasema. "Yako inanichoma mbavu."
Nikacheka. Sikuamini.
Bado siamini.

Alifariki Machi, barabara zikiwa tope.
Pia imebaki na uzi nusu,
na kile kigurudumu chake cha udongo kina ufa.
Jana nilijaribu. Nikachomeka fimbo mkandani,
nikavuta, nikaachia.
Uzi ukakatika. Pia ikabingirika hadi uvunguni.
Nikapiga magoti kuitafuta, fimbo mkononi,
na kidole changu kikaenda chenyewe
pale nilipokatazana napo maisha yangu yote.

Jina halipo.
Gumba lake limelila, herufi kwa herufi.
Jua limebaki nusu, nyoka hawana vichwa,
na mti umebonyea umbo la kiganja,
kana kwamba ni yeye aliyeichonga,
polepole,
huku akifanya kazi nyingine.