Dakika Arobaini za Buti

Gwantwa alivua kandambili nje, akaingia peku
na mvua ya Tukuyu nyuma yake hadi kizingitini.
Akaweka mezani kanda tatu
zilizofungwa kwa kipande cha kitenge.
"Ziingie zote kwenye diski moja."

Nikamwambia, dada, hapa pana saa tatu
na dakika arobaini na sita.
Juu ya boksi wameandika giga nne nukta saba,
ukiipeleka kwenye mashine inakiri nne nukta tatu na ushee.
Gunia la viazi pale Isongole utalishona lumbesa
hadi libebe kichwa cha pili.
Diski haina lumbesa.

"Basi nikuchomee mbili?"
"Ya pili hupotea. Tumezaliwa saba.
Mmoja ataiazima kwenda nayo Kyela,
na habari yake imeishia huko."

Tukaketi tukatazama.
Krismasi. Mbuzi aliyejua kinachokuja.
Mama anamenya ndizi, vidole vyeusi kwa utomvu.
Lugano na suti iliyomkimbia vifundoni.
Mchungaji anaomba, anaomba,
mtoto analala, anaamka, bado anaomba.

Kanda ya tatu, katikati, picha ikaanguka.
Nyasi.
Tope.
Buti mbili za mpira, moja ina kiraka cha tairi la baiskeli.
Mtu amesahau kuizima kamera
anatembea nayo ikining'inia mkononi.

Nilifurahi. Fundi hufurahi akiona pa kukata.
"Hapa tunaokoa dakika arobaini, bila hasara."
Akanishika mkono wenye kipanya.

"Aliyekuwa anapiga ni baba.
Zote tatu, hayumo.
Yumo hapo tu."

Nikaongeza sauti.
Migomba inapapasana. Kikohozi kidogo, cha pembeni.
Mluzi usio na wimbo.
Ugonile, anamsalimu mtu tusiyemwona,
anamuuliza mguu wa ndama.
Kisha buti zinasimama, anahesabu miche ya parachichi:
kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa,
anasita,
anaanza upya kutoka moja.

"Toa sala," akasema Gwantwa.
"Mungu aliisikia siku ile ile."
Nikatoa sala.
"Toa hotuba ya mjomba. Toa mbuzi."
Nikatoa.
"Na huyo anayecheza mwenye gauni la njano, toa."
Nikamtazama. Alikuwa yeye,
mwembamba, meno yote nje.
"Toa," akasema. "Mimi nipo."

Bado ilizidi.
Ikabaki njia moja, ile nisiyoipenda:
kuipunguza picha uzito.
Nyuso zikaanza kuvunjika vijimraba,
mlima Rungwe ukawa kijani na kijivu, basi,
kiraka cha buti hukijui kama ni kiraka au tope.
Lakini sauti sikuigusa.
Sauti hula kidogo.
Pumzi yake ilibaki kama alivyoivuta.

Tukaanza kuchoma.
Asilimia sitini na mbili, taa ikapepesa,
sote wawili tukaishika meza
kana kwamba umeme unatoka mezani.
Ukarudi. Hatukusema kitu.

Diski ilitoka na uvuguvugu
kama yai lililookotwa sasa hivi.
Nikachukua kalamu ya wino mzito.
"Niandike Krismasi?"

Akafikiri kwa muda mrefu, akikunja kile kitenge
mara mbili, mara nne.
"Andika: Baba anahesabu miche."

Niliandika kwa mduara, kufuata ukingo,
herufi za mwisho zikabanana,
"miche" ikakosa nafasi, nikaipandisha juu kidogo.

Nje, kandambili zake zilikuwa zimejaa maji.
Akazimimina, moja, kisha nyingine,
akavaa,
akaificha diski ndani ya sweta, upande wa mbavu,
akashuka kuelekea stendi, polepole,
akitazama anapokanyaga.